Iksora fupi kwenye udongo wa Pwani: kupanda, kulisha na kupogoa

Kwenye bustani za kuuzia maua kando ya barabara za Dar es Salaam, viriba vinavyopangwa mbele mara nyingi ni vya iksora fupi. Sababu iko wazi. Kichaka chake hubaki chini ya mita moja, majani ni madogo, yamebanana na ni ya kijani mwaka mzima, na vishada vyake huja vyekundu, vya chungwa, vya njano au vya waridi. Haina miiba kama bogonvilia, haitafuti mahali pa kukwea, na ukiipanga mstari inakupa uzio mfupi unaochanua. Muuzaji atakwambia, "Hii haisumbui, bosi," na kwa kiasi fulani anasema kweli.

Ila ingia kwenye nyua za Msasani, Kunduchi au Kigamboni mwaka mmoja baadaye. Majani machanga yamegeuka njano, maua yamekatika, na mwenye nyumba anazidisha maji. Akiona hayasaidii, anazidisha samadi. Mara nyingi tatizo si maji wala samadi. Ni chokaa iliyo kwenye udongo, na hapo ndipo mwongozo huu unapoanzia, kwa sababu ukilimaliza hilo kazi inayobaki ni ndogo.

Chokaa inavyoiharibu iksora

Iksora inayojulikana zaidi, Ixora coccinea, asili yake ni kusini mwa India na Sri Lanka. Linnaeus aliipa jina hilo la kitaalamu mwaka 1753. Iko katika ukoo mmoja na mbuni, yaani mti wa kahawa, na udugu huo unaonekana kwa macho: majani hutoka mawili mawili yakielekeana, na ua lina mrija mwembamba unaofunguka juu. Kama mbuni, inapenda udongo wenye tindikali kidogo, pH ya 5 hadi 6 hivi (pH ni kipimo cha tindikali: namba ikishuka, tindikali imezidi).

Sehemu kubwa ya pwani yetu imekaa juu ya matumbawe ya kale, na jiwe hilo ndilo lilelile linalochomwa kwenye tanuri kutoa chokaa ya kujengea. Udongo uliotokana nalo huwa na pH ya zaidi ya 7, wakati mwingine hata 8. Katika hali hiyo madini ya chuma yamo udongoni, lakini yamejifunga na mizizi ya iksora haiwezi kuyanyonya. Bila chuma jani halitengenezi rangi yake ya kijani. Unaweza kumwaga samadi ndoo baada ya ndoo na jani likabaki njano, kwa kuwa linachokosa hakikosekani ardhini, kimefungiwa tu.

Hatua ya kwanza: pima kwa siki

Chimba kina cha shibiri moja, chota udongo, uanike ukauke. Weka kijiko kimoja kwenye kisosi, kisha mimina siki nyeupe ya dukani. Ukiona unachemka na kutoa povu, kuna chokaa, na jinsi povu linavyozidi ndivyo chokaa ilivyo nyingi. Usipoona povu, usikimbilie kusema udongo una tindikali. Umejua tu kwamba chokaa si nyingi, na hiyo inatosha kwa kuanzia.

Rudia kipimo sehemu mbili tatu za uwanja, hasa karibu na ukuta. Mafundi wanapomaliza nyumba, mabaki ya saruji na plasta hufukiwa palepale chini ya dirisha, na ni palepale kila mtu anapotaka maua yake. Hata kama kiwanja chako kiko mbali na matumbawe, ukanda wa nusu mita kando ya msingi unaweza kuwa na chokaa kuliko ufukweni.

Anayepanda bustani kubwa, mfano ya hoteli au shule, afadhali apeleke sampuli maabara ya udongo. Kuna SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kule Morogoro, na kituo cha Mlingano cha TARI, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, mkoani Tanga. Kwa vichaka kumi vya nyumbani, siki inatosha. Na walio kwenye uwanda wa Unguja, pande za Paje, Jambiani na Makunduchi, wasijisumbue hata na siki. Jiwe wanaliona kwa macho. Wao waruke moja kwa moja hadi kwenye tuta la kuinua au chungu.

Hatua ya pili: chagua mche

Kuna iksora za aina nyingi, na jina peke yake halitakusaidia dukani. Zile ndefu zina majani mapana yanayofika urefu wa kiganja, na zikiachwa hupita kimo cha mtu. Unayoitaka ina majani madogo, urefu wa vidole viwili hivi, na matawi yanayotoka karibu karibu. Wauzaji wengine huiita iksora ya Taiwan.

Usichague mche kwa wingi wa maua. Chagua wenye matawi manne au matano yanayoanzia chini kabisa, kwa sababu mche wa shina moja utakupa kichaka kilicho wazi chini, na kuurekebisha kunachukua muda. Geuza majani uangalie upande wa chini: vitu vidogo vya kahawia vilivyogandamana kama magamba ni wadudu, usiwapeleke nyumbani. Angalia pia chini ya kiriba. Mizizi michache iliyotokeza si neno, ila mizizi minene iliyozama ardhini inaonyesha mche umekaa hapo muda mrefu mno. Ukiung'oa inakatika, na wiki inayofuata unanyauka. Mwisho muulize muuzaji kama mche ulikuwa juani au chini ya wavu wa kivuli. Uliotoka kivulini unahitaji siku kadhaa za jua la asubuhi tu kabla ya kupandwa, la sivyo majani yataungua.

Hatua ya tatu: mahali

Jua kali, saa sita kwa siku au zaidi. Kivulini iksora haifi, bali inarefuka, inaachana matawi na kutoa maua ya kuhesabu. Jua la asubuhi na kivuli chepesi cha alasiri ni sawa pia, hasa kwa aina za njano ambazo rangi yake hupauka haraka.

Kaa mbali na ukuta walau sentimita 60, kwa sababu ya saruji niliyoitaja na kwa sababu ukuta mweupe unarudisha joto usoni mwa mmea. Kama uko mstari wa kwanza kutoka baharini, panda nyuma ya kitu kinachozuia upepo wa chumvi. Pasipo na kinga, kingo za majani huungua na hakuna mbolea itakayozirudisha.

Hatua ya nne: andaa udongo

Hapa tumia nguvu zako zote. Kuna njia tatu, na kipimo cha siki ndicho kinachoamua.

Kama hapakuwa na povu, chimba shimo la sentimita 40 kwa 40 na kina cha 40. Changanya udongo uliotoa na mboji iliyoiva, nusu kwa nusu. Ukipata salfa ya unga ya wauza pembejeo, gramu 30 hivi kwa shimo zitasaidia kushusha pH, ingawa kazi yake inachukua miezi. Mwanzo wa masika, mwezi Machi, ni wakati mzuri wa kupanda. Vuli nayo inafaa kama una maji ya kumwagilia Januari na Februari.

Povu likiwa dogo, toa udongo wote wa shimo, lifanye shimo liwe kubwa zaidi, na ujaze mchanganyiko mpya. Mimi natumia madebe mawili ya udongo mwekundu, debe moja la mboji na debe moja la mchanga wa mtoni. Mchanga wa ufukweni hapana: una chumvi, na vile vipande vya kombe na matumbawe ndani yake ni chokaa tupu. Huo udongo mwekundu unaoletwa na magari nao uupime kwa siki kabla haujashushwa. Badala ya mchanga unaweza kutumia makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, mradi uyaloweke na kumwaga maji yake mara mbili tatu, kwani hubeba chumvi.

Povu likiwa kubwa, usibishane na ardhi. Salfa juu ya jiwe la matumbawe ni kazi bure. Jiwe lina chokaa kuliko salfa yote utakayoweza kununua, na shimo ulilojaza udongo mzuri litarudiwa na maji yenye chokaa kutoka pembeni. Inua tuta la kimo cha sentimita 40 kutoka usawa wa ardhi na ulijaze mchanganyiko ule ule. Lizungushie mbao au matofali ya kuchoma. Watu wengi hulizungushia mawe ya matumbawe kwa sababu yanapendeza, na wanakuwa wamerudisha kwa mkono wa kushoto kile walichokitoa kwa mkono wa kulia. Kama matofali ya saruji ndiyo uliyonayo, tandika nailoni nene upande wa ndani kabla ya kujaza, ukiacha chini wazi ili maji yapite.

Vyungu vina habari yake. Vile vya saruji vinavyouzwa barabarani ni vizuri kwa macho na ni imara, lakini kikiwa kipya kinatoa chokaa kila unapomwagilia. Kijaze maji, yamwage kila siku mbili, ufanye hivyo kwa wiki kadhaa; au kipake ndani rangi isiyopitisha maji, ikauke kabisa. Chungu cha udongo wa kuchoma hakina usumbufu huo. Kipenyo kisipungue sentimita 35, na tundu la chini liwepo kweli, maana kuna mafundi husahau kulitoboa.

Hatua ya tano: panda

Mwagilia mche ndani ya kiriba saa moja kabla. Pasua kiriba kwa wembe, usiuvute mche kwa shina. Kama mizizi imejizungusha, ikwaruze kidogo kwa vidole iachane. Panda ili usawa wa udongo wa kiriba uwe sawa na usawa wa ardhi, wala usifukie shina. Kwa uzio mfupi acha sentimita 40 hadi 50 kati ya mche na mche. Itaonekana mbali mwanzoni, na rafiki zako watakwambia uongeze. Usiongeze. Ikibanana sana upepo haupiti na wadudu hupata maskani.

Tandaza majani makavu au maganda ya mpunga kwa unene wa sentimita 5, ukiacha nafasi ya vidole vitatu kuzunguka shina. Matandazo haya hayana kazi ya unyevu tu. Mizizi ya iksora haiendi mbali chini, na palizi ya jembe huikata. Kwenye matandazo magugu hung'olewa kwa mkono.

Maji

Miezi miwili ya kwanza mwagilia mara tatu kwa wiki, maji ya kuzama na si ya kunyunyiza juu juu. Baadaye mara moja au mbili kwa wiki zinatosha nje ya msimu wa mvua. Chungu kinataka zaidi. Chomeka kidole, kikitoka kikavu, mwagilia.

La muhimu zaidi ni maji yenyewe. Visima vingi vya pwani vina chumvi, vina chokaa, au vina vyote viwili. Onja. Kisha tazama ndani ya birika lako: likishika ukoko mweupe, ukoko huohuo unaupeleka kwenye mizizi kila unapomwagilia, na ndani ya mwaka au miwili utakuwa umeiharibu kazi yote ya hatua ya nne. Maji ya mvua ndiyo bora, kwa hiyo bati na tenki ni zana za bustani pia. Na kama nyumba ina kiyoyozi, usiyaache yale maji yanayodondoka nje kwenye mpira wake. Hayana chokaa wala chumvi. Tega ndoo, wakati wa joto chumba kimoja hutoa maji ya kutosha vyungu viwili vitatu.

Kulisha, na namna ya kusoma majani

Mbolea ya kukuzia iwe SA, yaani salfeti ya amonia. Inaleta naitrojeni na papo hapo inauchachusha udongo kidogo kidogo, ndicho tunachotaka. CAN, mbolea nyingine ya naitrojeni, iache kwa mahindi. Ndani yake kuna chokaa. Kizibo kimoja cha soda cha SA kwa kila kichaka, kila baada ya miezi miwili, kikinyunyizwa kuzunguka nje ya matawi na si shinani, kisha maji mengi. Mara mbili kwa mwaka badilisha, weka NPK (mbolea ya naitrojeni, fosforasi na potasiamu) badala ya SA. Mboji ndoo ndogo moja kila mwanzo wa masika.

Majivu yasikaribie kabisa. Kuna desturi ya kumwaga majivu ya jikoni kwenye maua, na kwa maua mengine ni mbolea, lakini kwa iksora ni chokaa nyingine. Maganda ya mayai hivyo hivyo. Na misumari yenye kutu inayofukiwa "ili ipate chuma" haina madhara wala faida: kutu haiyeyuki kwenye udongo wa chokaa, kama vile chuma kilichomo tayari kisivyoyeyuka.

Jani lenyewe litakwambia linachotaka, ukijua pa kutazama kwanza: je, ni majani machanga au ya zamani?

Machanga yakiwa njano huku mishipa ikibaki kijani, ni chuma, na wakati mwingine manganizi pamoja nacho. Dawa ya haraka ni salfeti ya chuma, gramu 3 hadi 5 kwa lita ya maji, ukipuliza majani jioni jua likishatua. Ndani ya wiki mbili utaona kijani kikirudi, lakini majani yatakayotoka baadaye yatakuwa njano tena kama udongo haujarekebishwa. Angalia usipulize juu ya vigae au sakafu. Doa lake la kutu halitoki. Dawa ya kudumu zaidi ni chuma cha kileti, yaani kilichoshikwa na kemikali ili kisijifunge udongoni, cha kumwagia mizizini. Soma kibandiko: kilichoandikwa EDTA hupoteza nguvu kwenye udongo wa chokaa, cha EDDHA ndicho kinachovumilia. Ni ghali, kwa hiyo kitumie kuokoa kichaka unachokipenda, siyo kuwa badala ya udongo mzuri.

Majani ya zamani yakiwa njano kingoni na kijani kubaki katikati, ni magnesi. Kijiko kimoja kikubwa cha chumvi ya Epsom katika lita nne za maji. Ya zamani yenye madoadoa ya zambarau au nyekundu yaliyosambaa, mara nyingi ni upungufu wa potasiamu, jambo la kawaida sana kwenye udongo wa mchanga. Salfeti ya potasiamu ndiyo inayofaa, maana ile aina ya kloridi inaongeza chumvi. Yote ya zamani yakiwa njano sawasawa, bila mishipa ya kijani, ni njaa ya naitrojeni, ongeza SA. Jani moja moja likigeuka njano na kudondoka ni uzee tu. Hata mmea usiopukutika hubadilisha majani.

Kupogoa

Ua la iksora hutoka kwenye ncha ya tawi. Jambo hili moja linatosha kueleza kwa nini iksora nyingi za kwenye mageti hazina maua: kijana wa bustani anakuja kila wiki mbili na mkasi mkubwa, anazipiga ziwe kama sanduku, na kila mara anaondoka na machipukizi ambayo yangechanua. Uzio unabaki nadhifu na wa kijani. Kama unataka kijani peke yake, sawa, lakini kuna mimea ya bei rahisi kwa kazi hiyo.

Anayetaka maua asubiri kundi la vishada linyauke, kisha akate kila kishada pamoja na jozi moja au mbili za majani chini yake, kwa mkasi mdogo wa kupogolea. Chini ya kila mkato huchipua matawi mawili, na yote mawili yanaweza kubeba maua. Inachukua muda kwa uzio mrefu. Kwa vichaka kumi ni kazi ya nusu saa, na mtu anaweza kuifanya huku akipiga soga.

Kichaka cha zamani kilichoachana chini kinaweza kufufuliwa. Mwanzo wa masika kata theluthi ya matawi, yale manene zaidi, hadi sentimita 20 kutoka ardhini. Mwaka unaofuata theluthi nyingine. Kukata yote siku moja hakukiui kila mara, ila kichaka chenye njaa ya chuma kinaweza kisiamke.

Wadudu

Wadudu magamba na vidung'ata hukaa chini ya majani na kwenye vikonyo. Dalili ya kwanza huonekana juu: majani yanakuwa meusi kama yamepakwa masizi, kwa ukungu unaoota kwenye utomvu mtamu wanaoutoa. Ukiona majimoto wakipanda na kushuka kwenye kichaka, chunguza, maana wanawalinda wadudu hao ili wale utomvu. Kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita, pulizia chini ya majani jioni, rudia baada ya wiki moja. Mafuta ya mwarobaini yanafaa pia. Sumu kali ziache. Vishada hivi vinatembelewa na vipepeo na chozi mchana kutwa, na hao ni nusu ya raha ya kuwa na iksora.

Wa nyanda za juu

Nairobi, Arusha au Mbeya, udongo mwekundu kwa kawaida hauna shida ya chokaa. Huko shida ni baridi. Chini ya nyuzi 10 iksora husimama, majani hupata rangi ya shaba, na maua hungoja joto. Panda upande unaopata jua la mchana na usiopigwa na upepo, au iweke kwenye chungu uweze kuihamisha Juni hadi Agosti.

Kuongeza miche

Mbegu zisahau. Kata vijiti vya sentimita 10 hadi 15 kutoka kwenye tawi ambalo limeanza kukomaa: si laini la kijani, si gumu la kahawia. Kisiwe na ua wala kichwa cha ua. Ondoa majani ya chini, acha jozi moja juu, na kama ni makubwa yakate nusu. Chovya kwenye unga wa kuoteshea mizizi ukiwa nao. Chomeka kwenye viriba vyenye mchanga wa mtoni na makumbi yaliyooshwa, nusu kwa nusu, mwagilia, kisha funika kwa mfuko wa nailoni unaopitisha mwanga ili unyevu usitoke. Weka chini ya mti, pasipo na jua la moja kwa moja.

Mizizi huchukua wiki sita hadi nane, na kwenye msimu wa baridi zaidi. Usivute kujaribu, ukiona majani mapya yametoka, fungua mfuko kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Hamishia kwenye kiriba chenye udongo kamili, acha kivulini wiki mbili, kisha jua la asubuhi wiki mbili nyingine, kisha jua lote. Masika yanayofuata itakuwa tayari kupandwa.